Mdogo wangu alikiri wizi wa koti "yaishe", leo anaitwa na jaji wa uhamiaji Marekani. Tujue kosa dogo linavyosomwa kule

#1 Mama wa Pasua (Moshi)

Wakuu salaam, na wakubwa wote shikamooni.

Hili jambo nimelibeba tangu Januari. Nimeona niliweke hapa kwa kuwa humu tumejaa watu wa Moshi na Arusha wenye watoto na ndugu Marekani, na kila wiki naona mtu anauliza habari za viza. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, yuko kule mwaka wa saba sasa. Ana grinikadi (kadi ya ukazi wa kudumu), anafanya kazi za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ana mke na mtoto wa miaka minne. Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa kumi na moja, alitoka kwenye duka moja kubwa amevaa koti ambalo hakulilipia, na viatu vya mtoto viko ndani ya mfuko. Vyote pamoja havikufika dola 150. Simtetei. Alichukua, na alijua anachukua.

Mahakama ikampa wakili wa bure. Walizungumza kwenye korido dakika kumi hivi. Wakili akamwambia mwendesha mashtaka ana ofa nzuri: kiri kosa, upewe kifungo cha nje cha miezi 12 (kinatamkwa, ila kinasitishwa, hukitumikii ndani), ulipe faini, uhudhurie mafunzo ya jioni, basi. "Hutalala ndani hata usiku mmoja." Kuhusu grinikadi hakusema neno, na mdogo wangu hakujua kama kuna la kuuliza.

Usiku ule alitupigia WhatsApp, huku ilikuwa asubuhi. Tulikuwa kwa mama: mama, mimi, na mjomba, ambaye miaka ya nyuma alikuwa mzee wa baraza Mahakama ya Mwanzo. Mjomba alimwambia: "Mwanangu, hakimu hapendi mtu wa kumzungusha. Kiri, omba radhi, yaishe." Mama akasema Mungu ametenda. Mimi nikasema asante Yesu. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia subiri kwanza.

Wenzangu wa uchagani mnajua. Mtu akikukosea, akaja na jani la isale, huna ubavu wa kukataa kusamehe. Jani likishapokelewa neno limekwisha, hata watoto hawaambiwi. Tumelelewa hivyo, kwamba kukiri ndiyo njia ya kulimaliza jambo. Na kwa hakimu wa kule lilikwisha kweli: alilipa faini, akamaliza mafunzo, hakurudia tena.

Desemba iliyopita akaja nyumbani kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Mnajua Desemba ya kwetu, barabara ya Marangu inavyojaa. Tulichinja, mama akamshika kichwa akambariki. Januari akaondokea KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro. Alipotua kwenye uwanja wa kwanza wa Marekani, alama za vidole zikaonyesha ile kesi, wakamtoa kwenye mstari. Alikaa kwenye chumba cha pembeni kwa muda wa saa tano. Wakachukua kadi yake, wakampa karatasi ya kurudi na nyaraka za mahakama. Machi ikaja barua: afike mbele ya jaji wa uhamiaji. Mpaka leo yuko nje, ila wakili anasema wanaweza kumshika siku yoyote.

Tangu hapo nimesoma usiku na mchana, nimezungumza na wakili wa uhamiaji tuliyemchangia kama ukoo, nimeuliza tena na tena. Hiki ndicho nilichoelewa.

Sheria yao kuu ya uhamiaji ni ya mwaka 1952, imerekebishwa mara nyingi. Ndani yake kuna kundi la makosa yanayoitwa ya upotofu wa maadili. Bunge lao halikuwahi kueleza kundi hilo maana yake nini. Mwaka 1951 kuna mtu alilalamika Mahakama ya Juu kwamba maneno hayo hayaeleweki, majaji wengi wakasema yanaeleweka vya kutosha, na tangu hapo ni mahakama ndizo zinazoamua kosa moja baada ya jingine. Wizi wa nia ya kumnyang'anya mtu mali yake asiipate tena umo, na utapeli umo. Kumpiga mtu kofi kwenye ugomvi wa kawaida mara nyingi hakumo. Ukubwa wa kitu ulichoiba hauulizwi, liwe koti au gari.

Hapo ndipo lipo dirisha la kosa dogo, na linapimwa kwa vipimo vitatu kwa pamoja. Liwe kosa lako la pekee la aina hiyo. Adhabu ya juu kabisa ambayo sheria ya jimbo inaruhusu kwa kosa hilo isizidi mwaka 1. Na adhabu uliyopewa wewe isizidi miezi 6. Ukitimiza yote, kosa hilo peke yake halikuzuii kuingia.

Mdogo wangu alitimiza mawili. La tatu likamwangusha, kwa sababu alipewa miezi 12. "Lakini hakufungwa!" Ndivyo nilivyopiga kelele kwenye simu. Wakili akanisomea: sheria yao inasema kifungo kinahesabiwa chote kama kilivyotamkwa na hakimu, hata kama utekelezaji wake umesitishwa wote. Kifungo cha nje kwao ni kifungo.

Halafu kuna baya kuliko hilo. Mwaka 1996 bunge lao lilipitisha sheria kali sana ya uhamiaji. Kabla yake, wizi uliingia kwenye kundi la jinai nzito kabisa pale tu adhabu ilipokuwa miaka 5 au zaidi. Sheria ile ikashusha mpaka mwaka 1. Miezi 12 ni mwaka 1. Kwa hiyo koti na viatu vya mtoto, kesi ambayo jimbo lenyewe linaiita kosa dogo, kwa uhamiaji imekaa kundi moja na ujambazi. Hakimu angetamka miezi 11 na siku 29, isingeingia humo. Siku moja tu! Na mwendesha mashtaka, wakili wetu anasema, mara nyingi hana neno kuipunguza hiyo siku ukimwomba kabla ya kukiri, maana kwake haimpunguzii kitu. Kwa mdogo wangu, kosa likibaki kwenye kundi hilo mlango wa uraia umefungwa milele, na akiondoshwa hawezi kurudi maisha yake yote bila kibali maalumu.

Ndiyo maana nimeandika. Kama una mtu kule, leo, kabla hajapata kesi yoyote, mwambie hivi: asikiri kosa lolote, hata la kuku, mpaka wakili anayejua uhamiaji ameona karatasi ya mashtaka na ile ofa.

#2 Kaloleni Asilia (Arusha)

Dada pole, lakini nitasema ukweli wangu. Mwizi ni mwizi. Huku Arusha kuna vijana wamechomwa moto kwa simu ya laki moja, na hatujawaanzishia uzi. Umekaribishwa kwenye nyumba ya watu ukaiba, wakikutoa unalia nini? Nchi ni yao.

#3 Mama wa Pasua (Moshi)

Kaloleni, nimekusoma na sijakasirika. Nchi ni yao, ni kweli. Na wale vijana wanaochomwa, mimi nasema hapa hapa kwamba ni mauaji, na sitaki tuyatumie kama kipimo cha haki.

Hebu nieleze hili. Kwenye jimbo lilelile, raia aliyeiba koti la bei ileile alilipa faini akaenda kulala kwake. Mdogo wangu alilipa faini ileile, na miaka mitatu baadaye anaanza adhabu ya pili, kubwa mara elfu kuliko ya kwanza, na inamgusa hata mtoto wake aliyezaliwa kule. Wao wanasema kufukuzwa nchini si adhabu ya jinai, ni shauri la madai tu. Kwa sababu hiyo mbele ya jaji wa uhamiaji serikali haikupi wakili wa bure. Unaruhusiwa kuwa naye, ila umlipe mwenyewe. Asiye na ukoo wa kumchangia anasimama peke yake, na Kiingereza chake cha kuokoteza, dhidi ya mwanasheria wa serikali.

Aliiba, aadhibiwe. Aliadhibiwa. Ninachokililia ni kwamba hakuna aliyemwambia bei yote ya lile neno "nakiri" kabla hajalitamka.

#4 Wakili wa Sakina (Arusha)

Mimi ni wakili wa hapa hapa, sina leseni ya Marekani, lakini nimeshughulika na nyaraka za wateja wengi wanaokwenda huko. Dada ameeleza vizuri kuliko wengi ninaowasikia. Nina mambo ya kuongeza.

Kwanza, hilo la kutoambiwa lina jina kwenye mahakama zao. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky. Yule bwana alizaliwa Honduras, alikuwa mkazi wa kudumu kwa zaidi ya miaka 40, alilitumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Alikiri kosa la kusafirisha bangi kwa sababu wakili wake alimwambia asiwe na wasiwasi na uhamiaji, ameshakaa muda mrefu mno. Mahakama ikasema wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia kwamba kukiri kwake kunaweza kumfukuzisha nchini. Asipofanya hivyo, na mteja akathibitisha kwamba hilo lilimdhuru, basi hakupata utetezi ambao katiba inamuahidi. Mwaka 2013 wakaamua kwamba haki hiyo hairudi nyuma kwa waliotiwa hatiani na mashauri yao kufungwa kabla ya 2010, lakini kesi ya mdogo wako ni ya juzi.

Kwa hiyo dada, muulize wakili wenu kama amerudi kwenye mahakama ile ya jimbo kuomba hukumu itenguliwe kwa msingi huo. Angalizo: asiende tu kumwomba hakimu apunguze miezi kwa huruma. Oktoba 2019 mwanasheria mkuu wa serikali yao alitoa uamuzi kwamba uhamiaji hautambui adhabu iliyopunguzwa baadaye kwa sababu ya huruma au ya kumwokoa mtu na kufukuzwa. Inatambuliwa pale tu ambapo shauri la mwanzo lilikuwa na kasoro ya kisheria. Kutopewa ushauri ni kasoro. Huruma si kasoro.

Pili, watu wanapenda kusema "rekodi yangu ilifutwa". Jimbo linaweza kufuta. Uhamiaji kwa kawaida haufuti. Kwao ukishakiri na hakimu akakupa adhabu yoyote au sharti lolote la kukubana, umetiwa hatiani, hata kama baada ya mwaka jimbo limelipiga faili muhuri wa kufungwa.

Tatu, kuna mwanya kati ya vifungu viwili ambao umewameza wengi. Dirisha la kosa dogo analosema dada linatumika unapoomba kuingia: adhabu ya juu *isizidi* mwaka 1. Lakini kwa mtu ambaye yuko ndani tayari, kifungu cha kufukuza kinasema kosa la upotofu wa maadili lililotendwa ndani ya miaka 5 tangu akubaliwe kuingia, ambalo adhabu yake inaweza kuwa mwaka 1 *au zaidi*. Someni tena. Kosa ambalo adhabu yake ya juu ni mwaka 1 kamili linasamehewa mlangoni na linakufukuza sebuleni. Ndiyo maana baadhi ya majimbo yameamua kupunguza siku moja kwenye vitabu vyao. Washington walifanya hivyo 2011, California 2015, New York 2019: adhabu ya juu ya makosa madogo sasa ni siku 364. Raia hata hakuona tofauti, ila kwa mgeni siku hiyo moja ni nyumba, kazi na watoto.

#5 Ngarenaro Kwetu (Arusha)

Shikamoo Mama Pasua, shikamoo wakili. Huu uzi umenikuta wakati wake, nimetetemeka nikisoma.

Mke wangu ni raia wa kule, ombi lake kwa ajili yangu limekubaliwa, najiandaa na usaili ubalozini Dar. Shida yangu ni hii. Mwaka 2019 nikiwa utingo tulizichapa na konda mwenzangu stendi, akapasuka mdomo. Polisi, lokapu usiku mmoja, kesho yake Mahakama ya Mwanzo. Wazee wakaingilia kati, nikamlipa matibabu, akaondoa kesi. Sikuhukumiwa.

Sasa fomu inauliza kama umewahi kukamatwa au kutiwa hatiani kwa kosa lolote, hata kama ulisamehewa. Jamaa wa steshenari anayenijazia anasema weka hapana, nani atajua ya Ngarenaro. Nimekwama hapo siku nne.

#6 Wakili wa Sakina (Arusha)

Marahaba mdogo wangu. Toka kwa huyo jamaa wa steshenari leo.

Angalia ulichonacho mkononi. Hukutiwa hatiani. Ugomvi wa ngumi wa kawaida, bila silaha na bila kudhamiria kuleta madhara makubwa, kwa kawaida haumo kwenye makosa ya upotofu wa maadili. Kwa maelezo haya, tukio lako likisemwa kweli, huenda likakugharimu maswali mawili dirishani.

Likifichwa, linageuka kitu kingine kabisa. Kusema uongo wa makusudi kwenye jambo la maana ili upate viza kunakuzuia kuingia maisha yako yote. Upo msamaha wa kuombwa, kwa mwenye mke, mume au mzazi aliye raia au mkazi wa kudumu, tena uthibitishe kwamba huyo ndugu atapata mateso yaliyopita kiasi ukikataliwa. Wewe una mke, ungeweza kuomba. Lakini kwa nini ujitumbukize kwenye shimo kwa ajili ya mdomo uliopasuka 2019?

Nenda Mahakama ya Mwanzo ilikosikilizwa. Omba nakala iliyothibitishwa ya mwenendo wa shauri na amri ya kuliondoa. Kama faili limehamishwa kwenye masjala nyingine, uandikiwe barua. Tafuta mtu anayejua kutafsiri nyaraka za mahakama, siyo tafsiri ya simu. Halafu hati ya tabia njema ya polisi, ambako utachukuliwa alama za vidole. Na kama umewahi kuishi nchi nyingine mwaka mmoja au zaidi tangu utimize miaka 16, utahitaji hati ya polisi ya huko pia. Wengi wa Arusha wamekaa Nairobi na wanasahau.

#7 Baba Njiro

Mwanangu anasoma chuo kule, mwaka wa tatu. Mwaka jana alikamatwa anaendesha amekunywa. Hakugonga mtu. Mwanasheria wake akasema halimo kwenye upotofu wa maadili, tukashangilia. Wiki tatu baadaye ubalozi ukamtumia barua pepe kwamba viza yake imefutwa. Kesi bado haijasikilizwa! Hii imekaaje?

#8 Wakili wa Sakina (Arusha)

Mzee wangu, pole. Hapo kuna vitu viwili vinavyochanganywa. Viza ni ruhusa ya kwenda mlangoni. Hadhi ya mwanafunzi ni ile aliyokubaliwa nayo alipoingia. Tangu 2015 maafisa wao wa viza wana mwongozo unaowaruhusu kufuta viza kwa mtu aliyekamatwa kwa ulevi barabarani ndani ya miaka 5 iliyopita, bila kusubiri hukumu. Viza ikifutwa kwa njia hiyo akiwa ndani, kwa kawaida haimaanishi kwamba hadhi imekufa siku hiyo. Ila azungumze na ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake na wakili wa uhamiaji mara moja, na asije likizo. Akitoka, ataomba viza upya, na atapelekwa kwa daktari achunguzwe kama ana tatizo la pombe.

Na asifikirie kukimbilia Canada. Kule ulevi barabarani ulipandishwa Desemba 2018, adhabu ya juu ikatoka miaka 5 hadi 10, na kwa uhamiaji wao likawa kosa zito. Kila nchi ina mizani yake. Uingereza wanaangalia sana miezi 12: mgeni aliyehukumiwa kifungo cha miezi hiyo au zaidi, sheria yao ya 2007 inaagiza afukuzwe, isipokuwa kwa sababu chache. Kwao lakini kwa miaka mingi kifungo kilichositishwa hakikuhesabiwa kama kule kwa mdogo wake Mama Pasua.

#9 Baba Njiro

Desemba hii alikuwa na tiketi. Nimemwambia mama yake sasa hivi. Analia, lakini mtoto atabaki. Asante sana wakili.

#10 Himo Njiapanda

Mbona hamjagusa bangi na mirungi? Vijana wetu wanaambiwa kule majimbo mengi bangi ni ruksa, dukani wanauza kama soda. Na mirungi, hapa Himo mnajua wenyewe: ukivuka Taveta ni zao halali, ukirudi Holili ni dawa ya kulevya. Kijana wa huku haoni kama ni jambo.

#11 Mama wa Pasua (Moshi)

Himo umefanya vizuri, nilitaka kuandika nikasahau kwa uchungu wa mambo yangu.

Hili wakili wetu alinipigia msumari. Jimbo linaweza kuruhusu bangi, lakini uhamiaji ni wa serikali kuu, na kwa serikali kuu matumizi ya bangi ya starehe bado ni kosa. Kwa dawa za kulevya dirisha la kosa dogo halifunguki kabisa. Kwa aliye ndani kuna upenyo mwembamba: hafukuzwi kwa kosa moja tu la kukutwa na bangi ya kutumia mwenyewe isiyozidi gramu 30. Lakini mtu huyohuyo akitoka kwenda kuzika Tanzania, akirudi yuko mlangoni, na mlangoni upenyo huo haupo, itabidi aombe msamaha maalumu. Mirungi kule kemikali yake imo kwenye orodha ya juu kabisa ya dawa zilizopigwa marufuku, na hata hapa kwetu sheria ya dawa za kulevya ya 2015 inaikataza, waulizeni watu wa Same walivyong'olewa mashamba.

Na kingine kilichonishtua. Kwenye dawa, na kwenye yale makosa ya upotofu wa maadili pia, huhitaji hata hukumu. Ukikiri mwenyewe kwa afisa, kwa maelezo kamili, kwamba ulitenda, inaweza kutosha. Vijana wanaweka picha mtandaoni wanavuta moshi, wanaona ni sifa.

Sisemi mtu adanganye. Wakili wa Sakina ameshaeleza uongo unavyoua. Nasema aache, akae mbali navyo, na kama ana historia aongee na wakili kabla ya kukaa mbele ya afisa au daktari wa viza.

#12 Kaloleni Asilia (Arusha)

Nimerudi. Nimesoma yote mpaka hapa. Dada, nilisema kwa ukali. Nina binamu kule hana makaratasi kabisa, amepitiliza viza tangu 2016. Yeye akikamatwa kwa kitu kidogo inakuwaje?

#13 Wakili wa Sakina (Arusha)

Kwake ni kubaya zaidi. Januari 2025 walipitisha sheria inayoagiza mtu asiye na hadhi halali, wa makundi yaliyotajwa humo, ashikiliwe na uhamiaji akikamatwa au kushtakiwa kwa wizi, hata ule wa dukani, bila kungoja hukumu. Imelenga hasa walioingia bila kukaguliwa au waliotumia udanganyifu. Binamu yako aliingia kwa viza akapitiliza, hivyo wakili aangalie kama inamgusa, lakini hata isipomgusa anaweza kuondoshwa kwa kupitiliza tu. Kwake usiulize kosa gani ni dogo. Aone wakili wa uhamiaji sasa, akiwa huru, aulize kama ana njia yoyote ya kuhalalisha ukazi wake. Na ajihadhari na watu wanaojiita washauri wa viza wasio na leseni, wamewamaliza Waafrika wengi kule.

#14 Mama wa Pasua (Moshi)

Kaloleni, yamekwisha kaka yangu. Namwombea binamu yako.

Wakuu, taarifa. Nilimpelekea wakili wetu swali la Wakili wa Sakina lilelile. Amejibu kwamba ombi la kutengua hukumu limeshaingia kwenye mahakama ya jimbo, msingi wake ni huo huo wa kutoshauriwa. Anahitaji viapo. Mdogo wangu ameandika chake. Yule wakili wa bure wa mwanzo, Mungu ambariki, amekubali kuandika kwamba kwenye daftari lake la siku ile hakuna mahali alipoandika kuwa alimuuliza uraia wake.

Mjomba naye amekwenda kuapa. Ana miaka 81. Jana nilimpeleka kwa wakili hapa mjini, akaeleza yale maneno aliyomwambia mtoto kwenye simu, na kwamba hakuna aliyetaja uhamiaji. Alipofika pa kuweka saini alisimama kidogo, akaniuliza: "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemfukuzisha?" Nikamwambia hapana, mjomba, tulikuwa wote kwenye ile simu. Akasaini.

Shauri la jimbo limepangwa mwezi ujao. La uhamiaji limeahirishwa kusubiri hilo.

#15 Ngarenaro Kwetu (Arusha)

Mama Pasua, nasimama na nyie kwa maombi.

Mimi leo nimeshinda mahakamani. Karani alitafuta masjala toka saa tatu asubuhi, faili likapatikana saa nane, limeliwa kidogo na mchwa pembeni ila maandishi yanasomeka: mlalamikaji ameomba kuondoa shauri, mahakama imeridhia. Nakala imegongwa muhuri. Kwenye fomu nimebadilisha, nimeweka ndiyo, nikaandika maelezo mistari mitatu. Wakili, je, niandike na jina la yule konda mwenzangu?

#16 Wakili wa Sakina (Arusha)

Liko kwenye mwenendo, hakuna haja ya kulirudia. Toa nakala tatu. Moja iache kwa mkeo, moja kwa mtu unayemwamini hapa Arusha, na ile yenye muhuri usiikunje.